Mahrukh na Kichwa cha Kondoo

"Dada Mahrukh, mbona hukumwomba Bibi msamaha?"

Nilimuuliza hivyo ndani ya basi dogo, Jumapili, tukirudi Bishkek, ziwa la Issyk-Kul likiwa bado linatufuata upande wa kulia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Yeye alikaa dirishani, mtandio ameuvuta mpaka kwenye nyusi, anatazama nje kama mtu aliyeangusha kitu barabarani na sasa anakitafuta. Hakujibu. Nikadhani hakusikia, nikarudia kwa sauti zaidi. Rafiki yake Tooba, aliyekaa nyuma yetu, akanyoosha mkono akanifinya bega.

"Begi, mwache mwenzio."

Nikamwacha. Jina langu kamili ni Begayim, lakini wao wote walishazoea kuniita Begi.

Mahrukh alikuja kwetu kutoka Bahawalpur, Pakistan, kusomea udaktari. Mjini kwetu wanafunzi kama yeye wamejaa. Asubuhi utawakuta kituoni wamekunja makoti yao meupe mkononi, wanatetemeka, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba hata mwezi wa nne theluji inaweza kurudi. Wengi hukaa mabwenini. Mahrukh alikaa na sisi, kwenye chumba alichokuwa analala Baba kabla hajaenda Urusi kwenye kazi za ujenzi. Hilo lilikuwa sharti la baba yake. Binti yake atasoma ng'ambo, sawa, lakini atalala katika nyumba yenye mama na watoto. Siku akisikia hayupo katika nyumba ya namna hiyo, safari imekwisha, arudi. Kila jioni baada ya swala ya magharibi alipiga simu, na kabla hata hajauliza habari za masomo aliuliza, "Nyumba ipo?" Mahrukh anajibu, "Ipo, Baba, iko salama." Nilijifunza hayo maneno ya Kiurdu kabla ya kujifunza kuhesabu kwa Kiurdu.

Alikuwa na mwili mdogo na sauti kubwa. Alisoma akitembea, kutoka jikoni mpaka roshani, kutoka roshani mpaka jikoni, na nywele zake zikinuka mafuta ya nazi nyumba nzima. Na hakuweza kuona mwili wa kiumbe akakaa kimya. Mama akimimina chai, Mahrukh anamgusa kiwiko: "Mama, hapa ndipo ukijigonga unakufa ganzi. Unajua ni kwa nini?" Mifupa ya mkono alinifundisha kwa mkono wangu mwenyewe, mmoja mmoja, mpaka leo naijua. Kuku akiletwa mezani anaanza kumwelezea misuli. Mama alikuwa akimwambia, "Mwanangu, hilo paja ulile tu. Usilifanyie mtihani." Tunacheka. Naye anacheka, anakula, halafu anaanza tena kwenye bawa.

Fleti yetu ni ya Bibi Burulcha, mama yake Baba. Aliinunua zamani kwa kuuza farasi wake karibu wote, ili watoto wake wawe na pa kufikia mjini. Yeye mwenyewe anaishi kijijini, upande wa kusini wa ziwa. Sasa kuna watu walimfikishia maneno: Burulcha, mkweo kamlaza mtu baki kwenye chumba cha mwanao. Bibi akapiga simu. Mama aliiweka sauti ya juu maana alikuwa anakanda unga.

"Nileteeni nimwone," Bibi alisema. "Nikimwona nitasema abaki au aende."

Mahrukh alikuwa amesimama pale pale mlangoni. Aliniuliza Bibi kasema nini, nikamtafsiria. Akaketi kwenye kigoda tunachovulia viatu.

"Nikitoka hapa Baba ananirudisha," alisema. "Hatanisikiliza. Atanunua tiketi kwanza, ndipo anipigie simu."

Ikawa darasa lao limepanga kwenda kutembea ziwani mwisho wa wiki ile. Mama akaona nafasi hapo hapo. Waende wote, Jumamosi walale kwa Bibi, Bibi amwone mpangaji wake, na mimi niende kutafsiri. Bibi alipoambiwa kwamba ni wanafunzi tisa alisema waje wote tisa, yeye hapokei wageni vipande vipande.

Shida ilikuwa Jumatatu yake. Jumatatu walikuwa na mtihani wa anatomia, kichwa na shingo, na mwalimu wao alikuwa mtu ambaye wakimtaja walishusha sauti. Kwa hiyo ile safari ilikuwa ya utalii nusu na ya kukariri nusu. Walikuwa na orodha ya neva zinazotoka kwenye ubongo, majina marefu ya Kilatini, wakaitia kwenye wimbo wa harusi wa kwao na kupiga makofi kwenye migongo ya viti. Mahrukh ndiye aliyeanzisha, wengine wanaitikia. Dereva wetu Mkirgizi akaniuliza, "Wanamwimbia nani?" Nikamwambia wanaimbia pua, macho na ulimi. Akatikisa kichwa, akaongeza mwendo.

Tulisimama kwenye yale mabonde ya udongo mwekundu. Kaka Ghazanfar, mkubwa wao, aliyerudia mwaka mara mbili mpaka ndevu zake zikawa kama za mwalimu, aliteleza akashuka kilima chote kwa makalio. Suruali ikawa nyekundu nyuma. Tooba alikuwa anapiga video, kama kawaida yake, akamwomba arudie maana hakupata mwanzo. Ziwani waliingia na nguo zao, wakatoka wanapiga mayowe kwa baridi, wakaingia tena. Mahrukh hakuingia. Alikaa juu ya jiwe ananiuliza, kwa mara ya mia, namna ya kumsalimu mwanamke mzee kwa Kikirgizi.

"Nikikosea atacheka au atakasirika?"

"Bibi? Atakurekebisha."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Tulifika kwa Bibi jua likiwa bado juu ya milima. Baba mdogo Emilbek, mdogo wake Baba anayeishi na Bibi, alikuwa ameshamleta kondoo uani. Wakatoka kwenye basi wote, wakanyoosha viganja kwa dua, kondoo akachinjwa. Bibi akawasalimu mmoja mmoja, na kila aliyepita alimtazama kuanzia viatu. Mahrukh alipofika alitoa salamu yake vizuri, bila kukosea. Bibi akasema, "Mm." Basi, hiyo tu.

Kilichombadilisha Bibi ni jikoni. Wenzake walikwenda kupiga picha farasi. Mahrukh alivua pete, akakunja mikono ya gauni, akachuchumaa kwenye beseni na wanawake wa jirani kuosha utumbo. Hakuna aliyemwagiza. Aliugeuza ndani nje kwa kidole, akaupitisha maji ya chumvi, akaupangusa, akaurudia. Mama yake kule Bahawalpur huupika kila Idi, na kazi ya kuosha ilikuwa yake tangu ana miaka kumi. Wale wanawake wakanyamaza kumwangalia. Mmoja akasema, "Tumtafutie mume huku huku, huyu asirudi." Wakacheka, na Mahrukh akacheka pia bila kujua kilichosemwa.

Bibi akanivuta kwenye kona ya unga.

"Huyu kafundwa na mama," akaninong'oneza. "Mpigie mama yako umwambie abaki."

"Nimwambie na yeye?"

"Usimwambie. Macho ya kondoo nitayaomba kwa mgeni mkubwa. Jicho moja nitakula mimi, la pili nitampa yeye kwa mkono wangu. Akishalimeza ndipo umwambie maana yake."

Maana yake kwetu kila mtoto anaijua: watu wawili wakigawana macho ya kondoo mmoja, wataonana tena. Huwezi kumpa mtu yeyote tu. Bibi jicho lake la mwisho alikuwa amempa Baba, siku anaondoka kwenda Urusi.

Nilimpigia Mama. Mama alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ambayo hata mbwa alisikia.

Basi tukakaa. Kitambaa kimetandikwa chini, magodoro pande zote, maandazi madogo yamemwagwa katikati, siagi, jamu ya aprikoti, mikate. Nilizungusha birika na beseni kila mtu akanawa. Bibi alikuwa amejifunga kile kilemba chake cheupe cha sherehe, na alikuwa amemkalisha Mahrukh karibu naye kuliko wasichana wengine. Kisha Baba mdogo akaingia na kichwa kwenye sahani, kimebabuliwa manyoya yote, kimechemshwa, kinatoa mvuke. Akakiweka mbele ya Kaka Ghazanfar kwa mikono miwili, pua ikimwelekea yeye.

"Wewe ndiye mkubwa wa wageni," nikamtafsiria. "Kata sikio unipe mimi, maana mimi ni mdogo. Halafu kila mtu mgawie kidogo kidogo. Macho mwulize Bibi."

Ghazanfar alikishika kisu kama kalamu. Akakata sikio, likatoka na nusu ya ngozi ya shavu. Akanipa. Akabaki anakitazama kichwa, kichwa kinamtazama.

"Yaa Allah," akasema. "Hapa nianzie wapi?"

"Mpe mwalimu wa anatomia!" akasema kijana mmoja kule mwisho. "Yupo hapa, unahangaika nini?"

Wakacheka, na sahani ikaanza kusafiri. Ghazanfar akampa wa pembeni, wa pembeni akampa Tooba, Tooba akaiweka mbele ya Mahrukh. Baba mdogo akakunja uso. Kichwa ukipewa hukipitishi kama chumvi. Lakini Bibi alimwashiria kwa mkono atulie. Nadhani aliona bora zaidi kikifika kwa yule aliyeosha utumbo. Mahrukh alimtazama Bibi kwanza, Bibi akatikisa kichwa, ndiyo, gawa.

Na angegawa. Mpaka leo naamini angegawa. Ni Tooba aliyesema, "Mahrukh, lile tundu la neva ya tano liko wapi? Nionyeshe tu. Jumatatu nitakufa."

Mahrukh akaonyesha kwa ncha ya kisu. Hapa. Kwa binadamu liko chini kidogo. Mwingine akasema hajaona. Akaondoa nyama ya shavu ili aone, akaiweka pembeni. Kumbe huu ndio ule msuli wa kutafunia? Ndiyo, huo. Wakaanza kuinuka kwenye magodoro yao, wakaja kumzunguka kwa magoti. Nilimwona anabadilika usoni. Ile hofu yote ya ziwani ikamtoka, mgongo ukanyooka, sauti ikawa ile ya kutoka jikoni mpaka roshani. Alifungua taya. Akauvuta ulimi akaonyesha neva mbili zake, moja ya kuonja na moja ya kuchezesha. Mtu akiuliza, anajibu kabla swali halijaisha.

"Wanasema nini?" Bibi akaniuliza.

"Wanataja majina, Bibi."

"Majina ya nani?"

Nilitafuta neno. "Ya... vitu vya kichwani."

Mahrukh alichomeka ncha ya kisu kwenye tundu la jicho, akazungusha taratibu, akalitoa jicho zima bila kulipasua. Wenzake wakapiga makofi. Akachukua kipande cha mkate wa Bibi, akaliweka juu yake kama kwenye sinia la maabara, akalipasua katikati. Kutoka ndani akatoa kitu cheupe, kigumu, kama shanga.

"Lenzi. Ikipikwa inakuwa hivi."

Shanga ile ikapita mkono kwa mkono. Mtu akairusha kidogo juu akaidaka. Tooba alikuwa ameinua simu. "Rudia, rudia, sikupata mwanzo!"

Nikamvuta Mahrukh mkono wa gauni. "Dada, hilo jingine ni la Bibi."

"Ngoja kidogo, Begi."

"Dada, la Bibi hilo."

"Ngoja kidogo basi! Hii ndiyo neva ya pili, tazameni nyuma hapa." Na jicho la pili lilikuwa tayari juu ya mkate, limekwisha kupasuliwa.

Bibi alikuwa anatazama ile mikono midogo iliyoosha utumbo wa kondoo wake. Alipogeuka kwangu uso wake haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa woga.

"Wanatafuta nini humo ndani, mjukuu wangu? Wameona ugonjwa?"

"Hapana, Bibi..."

"Hao ni madaktari. Madaktari hawapasui kitu kizima." Akawageukia wale wanawake wa jirani mlangoni, nao wakaangalia chini. Bibi akaanza kuwa mwekundu kuanzia shingoni. Mwanamke aliyeuza farasi wake ili watoto wapate pa kufikia, amewakaribisha wageni tisa wa kutoka nchi nyingine, na wageni wanamkagua nyama. Akamwita Baba mdogo kwa kidole, akamnong'oneza. Baba mdogo akataka kubisha. Bibi akasema kwa sauti ndogo sana, "Nenda. Yule jike mweupe. Haraka, kabla hawajaweka huyu mdomoni."

Kule kwenye mduara walikuwa wamefika neva ya kumi na mbili, ya mwisho. Mahrukh anauliza, wao wanaitikia kwa ule wimbo wa harusi.

Kondoo akalia uani. Mara moja, kisha tena, sauti ya mnyama anayeburutwa.

"Wanafanya nini nje?" Tooba akauliza, simu bado juu.

Nikawaambia. Nilisema kwa Kiingereza changu cha shule, pole pole, maana sikutaka kukosea. "Bibi anachinja mwingine. Anafikiri mmeona huyu ni mgonjwa. Anaona aibu kuwalisha."

Kaka Ghazanfar ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama, akatoka bila viatu na ile suruali yake nyekundu, nami nikakimbia nyuma yake. Kondoo jike alikuwa chini, miguu imefungwa, Baba mdogo ameshashika kisu. Ghazanfar akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili. "Mwambie hana ugonjwa! Mwambie ni kondoo mzuri kuliko wote niliowahi kuona! Mwambie sisi ni wajinga, Jumatatu tuna mtihani, sisi ni wajinga!" Nikatafsiri yote, na wajinga mara mbili.

"Mtihani?" Baba mdogo akasema. "Wa kondoo?"

"Wa vichwa."

Baba mdogo akaweka kisu chini. Kisha akamfungua yule jike miguu, akampiga kofi la kiunoni aende zake. "Hata huyu kafaulu," akasema, lakini hakucheka.

Tuliporudi ndani, wote walikuwa wamerudi kwenye magodoro yao, wameinama. Mahrukh peke yake hakuwa ameondoka pale. Alikuwa anaokota vipande vya jicho kutoka kwenye mkate, anajaribu kuvirudisha kwenye tundu lake. Vinaanguka. Anaviokota, anavirudisha. Vidole vinateleza kwa mafuta. Nilipopita karibu yake aliniuliza bila kuinua uso, "Ulisema ni la Bibi kwa ajili gani?" Nikamwambia. Moja lake, moja lako. Kwamba mngeonana tena. Kwamba alishasema ubaki, Mama anajua.

Mikono yake ikasimama.

Ghazanfar aliomba msamaha kwa niaba ya wote, mkono kifuani, na Bibi akasema si kitu, si kitu, watoto kuleni. Tambi zililetwa na nyama yake imekatwa nyembamba, mchuzi ukamwagiwa, kila mtu akala mpaka sahani ikawa nyeupe kwa sababu hakuna aliyethubutu kubakiza. Tooba alifuta video yake pale pale, akamwonyesha Bibi simu ili aone imefutwa, na Bibi, asiyejua kusoma simu, akaitikia tu kwa heshima. Kila mmoja wa wale tisa alipata neno la kusema, kwa ishara au kupitia kwangu. Mahrukh alikula alichowekewa. Hakusema hata neno moja. Nilikuwa namtazama, midomo ilikuwa imefungwa kama ya mtu aliyetia maji mdomoni.

Asubuhi aliamka kabla ya wote, akaosha vyombo vyote vya jana na vya juzi. Wakati wa kuagana Bibi alimpa kila mmoja mfuko wa maandazi na vidonge vya maziwa makavu. Alipofika kwa Mahrukh alimpa mfuko ule ule, sawa na wa wengine, akamwambia, "Safari njema, mgeni." Jana jikoni alikuwa anamwita "binti yangu."

Ndipo kwenye basi nikauliza lile swali langu.

Jumatatu Mahrukh alipata alama za juu kuliko darasa zima. Tulisikia kwa Tooba, si kwake. Mama alimpongeza, naye akasema "asante" kama aliyepewa pole. Jioni ile Bibi akapiga simu, Mama akaweka sauti ya juu, maana kwetu simu ya Bibi ni ya wote.

"Abaki," Bibi alisema. "Mtoto anayesoma mpaka anasahau chakula, nimfukuzie nini?"

"Asante, Mama."

"Mm." Kisha: "Lakini niliogopa, jamani. Nilidhani nimewalisha wageni mzoga."

Mahrukh alinitaka nimtafsirie lile la mwisho, halafu akataka nilirudie. Baba yake alipopiga, "Nyumba ipo?", alijibu, "Ipo, Baba," akakata simu kabla ya lile neno lake la salama, akaingia bafuni akafungulia maji.

Alikaa kwetu mpaka alipomaliza masomo. Nilimwona akibadilika kutoka msichana hadi daktari, namjua kuliko ninavyowajua binamu zangu wengine. Najua anakoroma akiwa na mafua. Najua alijifunza Kikirgizi mpaka akagombana na wauza viazi sokoni na kuwashinda. Najua wagonjwa wazee pale hospitalini walikuwa wanamsubiri yeye, wanamkataa mwingine, kwa sababu kabla ya kuwagusa alikuwa akiomba ruhusa. Lakini mezani hakutaja tena jina la mfupa wala msuli. Mama alijaribu kumchokoza, "Haya, bawa hili lina nini?" Akasema, "Lina chumvi ya kutosha, Mama." Na Idi ya kuchinja, kichwa kikiingia, yeye anachukua birika anakwenda jikoni kuchemsha maji ambayo yameshachemka.

Kijijini hakurudi. Kila vuli Bibi alituma matufaha na kuuliza, "Mwanafunzi wangu hajambo?", na kila kiangazi Mama alisema twende, na kila mara Mahrukh alikuwa na mtihani, au zamu, au homa. Bibi alipokuja mjini kutibiwa magoti akakaa kwetu wiki nzima, Mahrukh alibadilishana zamu na kila aliyekubali, akalala hospitalini. Bibi alikuta kitanda kimetandikwa vizuri bila mtu. Alikaa juu yake, akalipapasa shuka. Akaniambia, "Huyo mtoto ananikimbia, au mimi ndiye nilimtisha?" Sikujua nimjibu nini, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa sijajibiwa.

Mwaka huu amemaliza. Siku mbili kabla ya ndege yake nilikuwa namsaidia kufunga sanduku, yeye amelikalia juu na mimi navuta zipu. Nina miaka kumi na sita, shuleni walimu wananiambia nipunguze maswali. Nikamwuliza tena, maneno yale yale, kwa Kikirgizi safari hii.

Nilidhani atatazama dirishani. Alinitazama mimi.

"Ghazanfar alitoka nje, na wewe ukatoka," akasema. "Wengine wakarudi kukaa. Nikabaki na ile sahani. Unajua nilikuwa nawaza nini, Begi? Yule kondoo wa pili amefungwa miguu, namsikia. Bibi yako yuko pale, naona shingo yake ilivyo nyekundu. Na mimi nilikuwa nawaza kwamba nimezitaja neva zote, ya kwanza mpaka ya mwisho, sijakosea hata moja, na hakuna aliyenisifu. Nilikuwa nangoja wanisifu. Hata wewe uliponiambia habari ya jicho, bado nilikuwa nangoja. Sasa ningemwomba msamaha kwa mdomo upi?"